Zambarau ya Mwaka wa Njaa

Mpraeso, 6 Februari 2011

Mpwa wangu Akosua Dentaa,

Leo salamu zitangoja, maana nikianza nazo nitajificha ndani yake. Mdogo wako Asamani hakuuawa na gongo. Mama yako hakumuua. Nimelijua hilo kwa miaka mingi nikanyamaza, na wewe ukakua ukimchukia mama aliyekuzaa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Basi sasa nakusalimu, wewe na mumeo na watoto. Huku Kwahu vumbi la harmatani, ule upepo wa jangwani, limeanza kutua na mlima unaonekana tena. Mimi si mzima. Daktari kijana anayenitazama anasema moyo umechoka kusukuma; hunibonyeza mguu kwa kidole na shimo hubaki pale kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Ameniuliza kama nina watu wa kuwaita. Nimemwambia ninao, ila mmoja ni wa kuandikiwa. Opanyin Sakyi, mzee wetu wa ukoo, ametolewa mtoto wa jicho na sasa anaona madoa ya kila mtu. Nyumba ya ukoo imepakwa rangi mpya, mbaya sana.

Usishangae kuletewa barua zama hizi. Kwa uziwi wangu simu lazima ipigiwe kelele, na haya hayasemwi huku nyumba nzima imetega sikio.

Mwaka ule wa 1983 wewe ulikuwa shule ya bweni, ukaletewa habari iliyokwisha kupikwa. Mimi nilikuwa jikoni. Unaukumbuka mwaka wenyewe: mvua ilikataa, moto ukala misitu na mashamba ya kakao, na ndugu zetu waliofukuzwa Nigeria wakarudi na mabegi na vinywa. Mifupa ya shingo ilitutoka hata tukaiita mkufu. Nilikuwa mkuu wa maabara ya hospitali, mtu wa vyeti, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kupima ketoni kwenye damu.

Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Mwili usiopata chakula huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na katika kuchoma huko hutoka taka zinazoingia kwenye damu. Ndizo ketoni. Mwili wenye ugonjwa wa sukari nao hufanya vivyo hivyo hata ukiwa umeshiba, kwa sababu sukari imejaa nje ya mlango na hakuna wa kuifungulia. Tulikuwa na unga mweupe kwenye chupa ya kahawia. Unaiacha damu itulie mpaka maji yake ya njano yajitenge juu, unadondosha tone la maji hayo kwenye unga, unasubiri. Pasipo na ketoni unga hubaki mweupe. Zikiwepo hugeuka zambarau. Zikiwa nyingi, zambarau nzito kama joho la askofu.

Mwaka ule hapakuwa na damu iliyouacha unga mweupe. Wajawazito zambarau, wazee zambarau, manesi zambarau. Tulijipima na sisi wenyewe kwa mzaha. Msaidizi wangu angeniuliza, "Ntim, leo wewe ni padri au askofu?" Nami ningemjibu, "Leo ni mtumishi wa altare tu, jana niliokota papai bichi." Tulicheka. Hapo ndipo ilipoanza desturi yetu. Badala ya kuandika kiasi cha ketoni tuliandika neno moja, "njaa", na daktari akaelewa. Hakuna aliyetuamuru. Tulichoka kuandika jambo lile lile.

Asamani alipoletwa, mimi mwenyewe nilimtoa damu. Tone lilipogusa unga, rangi ilikuja kabla sijaondoa mkono. Nikaandika: njaa.

Ilikuwa sukari.

Nisalimie watoto.

Mjomba wako,
Kwadwo Ntim


Tamale, 3 Machi 2011

Mjomba,

Nakuamkia. Barua yako ilifika, ila ilikaa sanduku la posta la shule kwa sababu karani alikuwa msibani. Huku joto limekaza, mpaka walimu tunafundishia nje. Mume wangu anakusalimu. Mwanangu wa kwanza atafanya mtihani wa kumaliza sekondari mwaka huu na hasomi. Anasema kichwa chake kimejaa. Pole kwa miguu.

Nilisoma barua yako nimesimama jikoni, ugali wa mtama ukaungua. Mume wangu aliponusa akaja mbio. "Mama Rashida, unataka kutuchoma?" Niliipua sufuria tu. Mpaka leo sijamwambia, kwa sababu sijui nianzie wapi. Anaamini mama yangu alikufa zamani. Hivyo ndivyo nilivyomwambia tulipooana.

Unasema nililetewa habari iliyokwisha kupikwa. Nami nikaila, Mjomba, tena nikalamba sufuria. Niliposhuka kwenye gari siku ya maziko, shangazi wa upande wa baba alinishika bega akaniambia, "Usimlilie mama yako. Kinywa cha mtoto kilikuwa kinanuka gongo mpaka mlangoni." Nilikwenda uani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, akainua mikono ili nije. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Wewe si mama, wewe ni pipa la gongo." Nilikuwa na umri wa mwanangu huyu asiyesoma. Wanawake waliitikia kama kanisani. Mama alishusha mikono. Siku ile ile wazee walikaa, sisi watoto tukatolewa nje, wakamwambia aondoke nyumbani kwa ukoo, akavuka mto Afram, nami sikumtazama akienda.

Kwa hiyo nina maswali, na naomba uyajibu kama ulivyokuwa ukinitaka mimi nijibu hesabu, bila kurukaruka.

Ile harufu ilikuwa ya nini? Maana mama alikuwa kweli anauza gongo, na kila mtu alisema alinusa.

Hospitalini mlimpa nini?

Wewe ulijua lini?

Na nani alikuwa wa kwanza kusema ni gongo?

Akosua


Mpraeso, 27 Machi 2011

Mpwa wangu Akosua,

Salamu zako zimefika na hasira yako imefika, zote nimezipokea. Mwambie kijana wako kichwa kilichojaa hutikiswa, kitashuka. Hapa tumezika yule mzee mshona viatu wa sokoni, jeneza lake lilikuwa fupi, ikabidi wamkunje kidogo, na mjane wake akasema, "Hata sasa hamumwachi anyooshe miguu." Watu walicheka huku wanalia. Mimi silali tena chali. Nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni.

Harufu. Ketoni zikizidi, moja hutoka kwa pumzi. Ni asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha, na kwa mtu asiyeijua hunuka kama matunda yaliyochacha, au kama kinywa cha mlevi. Kwangu maabara asetoni ilikuwa kwenye rafu ya kushoto, niliifungua kila siku. Nadhani umenielewa.

Mama yako hakumnywesha chochote. Alimpaka gongo miguuni na kifuani kwa sababu alikuwa anatetemeka, kama bibi yako alivyotupaka sote. Kwa hiyo ukinusa ngozi unapata gongo, ukinusa kinywa unapata kinachofanana na gongo. Mtu gani angetenganisha?

Hospitalini. Aliletwa mgongoni kwa mama yake, ingawa alikuwa mvulana mkubwa. Hakuwa na uzito. Alikuwa anapumua kwa kina sana, kama aliyepanda mlima wetu mbio. Lakini bado alikuwa na maneno. Aliniambia, "Mjomba, naomba maji." Nikamwambia, "Umekunywa sasa hivi." Akasema, "Hayo yameshapita, Mjomba. Mimi ni mto Afram." Mama yako akamkemea, "Nyamaza, utamaliza pumzi." Akasema, "Mama, pumzi ndiyo pekee isiyopangiwa foleni."

Kiu ile, kukojoa kule, kukonda kule. Mwaka mwingine wowote mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeniambia ni nini. Mwaka ule kila mtu alikuwa amekonda na kila mtu alikuwa anapumua kwa shida.

Daktari alisoma karatasi yangu, akaona "njaa". Dawa ya njaa ilikuwa dripu ya maji ya sukari, na wodi nzima ilikuwa imebakiwa na chupa moja iliyowekwa kwa ajili ya mama wa upasuaji. Nilikwenda kumbembeleza daktari. "Ntim," akaniambia, "unazungumza kama maabara au kama mjomba?" Nikasema, "Kama vyote viwili." Akaitazama karatasi tena, akasema, "Basi chukua. Mungu atamletea mama wa upasuaji chupa nyingine." Niliibeba mwenyewe mikononi, nikaitundika mwenyewe. Mama yako alipiga magoti akanishika miguu kwa shukrani.

Sukari juu ya sukari. Alifariki dripu ikiwa bado inatoka.

Usiniulize kama insulini ilikuwepo. Ilikuwepo, kwenye jokofu la dawa, nyuma ya chanjo.

Kuhusu nilijua lini: baadaye. Mtu huendelea kusoma. Na kuhusu nani alisema, ukoo ulisema. Msiba una vinywa vingi, Akosua, huwezi kukamata kimoja.

Mjomba wako,
Kwadwo Ntim


Donkorkrom, 25 Aprili 2011

Mjomba,

Nakuamkia kutoka ng'ambo ya Afram. Najua Pasaka yote mlinitafuta Mpraeso. Opanyin Sakyi alinipigia simu mara kadhaa kuniuliza kama nimesahau njia. Sikusahau. Nilivuka na pantoni, nikaja kwa mama.

Anaishi chumba kimoja nyuma ya ghala la viazi vikuu, na jicho moja lina ukungu. Anakohoa, kifua chake kinasikika kabla hajafungua mlango. Nilipofika alikuwa anamenya karanga. Alinitazama muda, nikajua amenijua. Lakini alininyooshea kigoda, akaniletea maji, akangoja ninywe. Kisha akaniuliza habari kama anavyoulizwa mgeni wa kijiji kingine: "Huku kwetu ni salama. Wewe umetoka na lipi?"

Nikasema, "Mimi ni Akosua."

"Akosua ni wengi. Wa nani?"

"Wa Afua Brago."

"Huyo namfahamu," akasema. "Ni pipa la gongo."

Nilishuka kwenye kigoda nikakaa chini. Hakunigusa, wala hakunifukuza. Aliendelea kumenya, na baada ya muda akanisogezea ungo ili na mimi nimenye. Tulimaliza ungo mzima.

Ndipo nikamwambia yote uliyoniandikia, unga na zambarau na dripu. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Sukari? Mwaka ule nani alikuwa na sukari? Sukari ya chai tulikuwa tunaisikia kwenye redio." Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilipoisha alikuwa analia.

Mjomba, hukuniambia jambo moja, au pengine hukulijua. Alikuwa anaamini. Siku zote hizi aliamini kwamba gongo aliyompaka iliingia kwa ngozi ikamla mtoto kwa ndani. Mikono ile hajaigusisha kinywaji tena, hata divai ya kanisani anaipisha. Aliniuliza mara mbili, "Kwa hiyo haipiti kwenye ngozi?" Nikamwambia haipiti. "Una hakika? Nani kakwambia?" Nikamwambia ni wewe.

Akapangusa maganda ya karanga mapajani. Kisha akasema, "Aa."

Nikamwomba turudi wote Mpraeso. Nikamwambia nyumba imepakwa rangi. Akasema, "Sirudi kwa kubebwa na huruma yako. Neno lililonitoa lilisemwa uani, mbele ya wazee, na mtu mmoja. Kwetu neno la namna hiyo haling'olewi na kinywa kingine. Alichomeka yeye, aling'oe yeye."

"Ni nani, Mama?"

Akainuka kwenda kugeuza karanga zake juani. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Muulize mjomba wako. Yeye ndiye aliyesoma."

Nami nakuuliza mara ya pili. Hataki kuzikwa huku, ameniambia hilo waziwazi. Lakini hatavuka, akiwa hai au amekufa, mpaka huyo mtu aseme. Na kifua kile hakitangoja sana.

Akosua


Mpraeso, 12 Juni 2011

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na watoto wazima. Sisi huku mvua zimekuja vizuri, ndizi zimestawi, hata zile za nyuma ya choo. Umekosa mengi ya Pasaka. Vijana waliruka kutoka mlimani kwa zile mbawa zao za nguo, na mmoja akatua juu ya paa la mchungaji wakati wa maombi, waumini wakadhani wamejibiwa. Opanyin Sakyi amegombana na fundi wa rangi. Binti wa jirani ameolewa na mwanajeshi.

Nimefurahi sana kwamba umemwona mama yako. Hilo ndilo lilikuwa kubwa, na limekwisha. Nimempa dereva wa basi la Tamale kitambaa kizuri cha bluu na nyeupe, umpelekee, ajue nimemkumbuka.

Kuhusu swali lako, mkono wangu umechoka leo na wino unapepesuka. Daktari amenikataza mambo ya kunisumbua moyo.

Mjomba wako,
Kwadwo Ntim


Donkorkrom, 4 Julai 2011

Mjomba,

Nakuamkia. Nimeomba ruhusa shuleni, niko huku tena. Mume wangu sasa anajua kila kitu. Amekuja nami, na ndiye anayempikia mama uji. Mama anamwita "mkwe niliyemfufukia".

Hainuki tena. Usiku na mchana anapumua kwa mdomo. Nilimwonyesha kitambaa. Alikipapasa akasema ni kizuri, kisha akasema, "Mwambie kaka yangu nina nguo." Nitakirudisha kwa dereva yule yule.

Opanyin Sakyi nimeongea naye. Amekubali kuwakusanya wazee uani Jumamosi yoyote nitakayomwambia. Kwa kuwa wewe huwezi kusimama, atakubali barua isomwe, mradi imeandikwa kwa mkono wa mwenyewe na imetaja neno lenyewe. Ikisomwa tu, gari linaondoka siku ile ile kuja kumchukua.

Nadhani najua utakachoandika. Jana nilimwambia mama jina nililokuwa nalo moyoni. Alisema, "Alinifundisha kuandika jina langu, yule. Alinishika mkono hivi." Akanishika mkono akanionyesha.

Mimi sitakutukana, Mjomba. Nilishamtukana mtu mmoja uani pale, imetosha. Andika.

Akosua


Mpraeso, 21 Julai 2011

Opanyin Sakyi, wazee wa ukoo, wake kwa waume mliokaa uani, na wewe Akosua Dentaa popote utakapokuwa umesimama,

Nawaamkia nyote. Sina habari za nyumbani za kuwapa, nyumba mnaiona. Naandika nimekaa kitandani, mkono ni wangu, na kijana daktari aliyenishikia ubao wa kuandikia hasomi lugha yetu. Opanyin Sakyi, ukisoma usiruke mstari kwa kunionea haya.

Nilimwandikia Akosua kwamba nilijua baadaye, kwa kusoma vitabu. Si kweli.

Asamani alipokata roho, mama yake alianza kupiga yowe na manesi wakamshika. Mimi niliondoka wodini, nikasema nakwenda kuandaa karatasi. Chini ya kitanda chake kulikuwa na chupa ya mkojo, imejaa. Niliichukua. Sikujua kwa nini naichukua, au nilijua. Maabara tulikuwa na dawa ya bluu, ile inayochemshwa pamoja na mkojo. Ikikutana na sukari hugeuka rangi ya tofali. Ilikuwa imebaki kidogo sana na nilikuwa nimeificha ndani ya kabati langu kwa siku ya shida kubwa. Ilikuwepo asubuhi ile alipoletwa. Sikuitoa, kwa sababu nilikuwa na unga wangu, na unga ulishasema njaa.

Niliichemsha peke yangu. Haikupita kwenye kijani wala njano kama ilivyo desturi yake. Ilikwenda moja kwa moja kwenye tofali, ikaganda chini ya kichupa. Nilimwaga, nikaosha kichupa, nikaosha tena. Nikarudi wodini nikamsaidia mama yake kumvika.

Daktari hakuniuliza kitu. Aliniwekea mkono begani akasema, "Njaa hii, Ntim." Nikaitikia.

Tulimzika. Kisha wazee wakakaa hapo mlipokaa sasa. Opanyin Bediako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mkuu. Mlikuwepo baadhi yenu, mtanisahihisha. Brago alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, na maneno ya chini chini yalikuwa yameanza: mbona watoto wengine wana njaa na hawajafa, mbona huyu peke yake. Shangazi wa upande wa baba akasema, "Sisi tulinusa kinywa chake. Tuulizeni sisi." Bediako akamnyamazisha. Akasema, "Hapa kuna mtu aliyesomea. Hatuwezi kuamua kwa pua wakati tuna macho."

Akanigeukia. "Ntim, wewe ndiye uliyeitazama damu. Wanawake wanasema kinywa kilinuka. Kilinuka nini?"

Ningeweza kusema asetoni. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini baada ya neno hilo lingekuja swali, na baada ya swali lingekuja lingine, mpaka lingefika kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi lingefika kwenye chupa ya dripu niliyoitundika kwa mikono hii. Ukoo wote ulinisomesha. Walichanga nikaenda chuo. Nilikuwa macho yao.

Ningeweza pia kusema sijui. Nimelifikiria hilo kuliko lote. Neno "sijui" lingetosha. Lisingemwondoa mtu nyumbani kwake.

Brago aliinua uso akanitazama. Hakuwa na hofu. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja ndugu yake amtetee. Akasema, "Kaka, waambie."

Watu wakasogeza vigoda ili wanisikie.

Nilisema: gongo. Na sukari yake nilikuwa nimeshaiona kwa macho yangu.

Kwadwo Ntim